UZI: Nejezchleba, jina la ukoo la Kicheki lenye maana ya "Usile mkate". Lilitoka wapi, na kwa nini wenye jina hili ni wachache?

#1, mwanzisha uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Kuna jina la ukoo huku Ucheki nimelifuatilia kwa muda mrefu na leo nalishusha hapa lote: Nejezchleba. Tamka Ne-yez-khle-ba, mkazo kwenye silabi ya kwanza, na hiyo "ch" ni kh ya "kheri". Ukiligawa, ne- ni ukanushi, jez ni "kula" katika hali ya kuamuru, chleba ni mkate. Usile mkate. Mtu anabatizwa, anasoma, anaoa, anaajiriwa na anazikwa akiitwa Bwana Usilemkate, na majirani zake hawashangai hata kidogo.

Kabla hujasema majina ya Wacheki hayakuhusu, kumbuka kwamba unayajua mengi. Viatu vya Bata vinavyotengenezwa Limuru vina jina la ukoo wa Tomáš Baťa, fundi viatu wa Zlín aliyeanzisha kampuni mwaka 1894 pamoja na kaka yake Antonín na dada yao Anna. Škoda ni ukoo wa mhandisi Emil Škoda wa Plzeň, na neno lenyewe maana yake ni hasara. Kipa Petr Čech anaitwa "Mcheki", basi. Pavel Nedvěd ni "dubu", kwa umbo la zamani la neno ambalo leo ni medvěd. Antonín Panenka, aliyedokoa ile penalti ya fainali ya Ulaya pale Belgrade mwaka 1976 na kuiachia dunia jina la mtindo huo, ukoo wake ni "mwanasesere". Kafka, mwandishi wa Praha, ni ndege wa jamii ya kunguru, na baba yake Hermann alimtumia ndege huyo kama nembo ya duka lake.

Hayo yote ni majina ya vitu, wanyama na watu. Nejezchleba ni sentensi, na hapo ndipo utamu ulipo.

Majina ya ukoo yaliyoundwa kwa kitenzi cha kuamuru ni kundi dogo Ucheki. Yupo Skočdopole, "Rukia shambani". Yupo Osolsobě, "Jitilie chumvi", ukoo uliomtoa Ivo Osolsobě, mtaalamu wa nadharia ya tamthilia aliyefanya kazi Brno na kufariki mwaka 2012. Wala si Wacheki peke yao. Wajerumani wanalo Springinsfeld, ambalo ni Skočdopole neno kwa neno. Waitaliano wana Bevilacqua, "Kunywa maji", na Mangiapane, "Kula mkate", yaani kinyume kabisa cha huyu wetu. Wafaransa wana Boileau, Waingereza wana Drinkwater, na hata Shakespeare ni mtu wa "tikisa mkuki". Ulaya ya zama za kati ilikuwa na tabia moja ya kutaniana: badala ya kusema fulani ni mzururaji, wanamtupia kitenzi na kumwita hivyo maisha yake yote.

Kwa hiyo amri iliyomo ndani ya jina haikuwa inamwamuru mtu. Ilikuwa ni kalibu ya kumwelezea. Skočdopole ni mtu wa kukatiza mashamba, Nejezchleba ni mtu asiyekula mkate. Sababu yake ilijulikana kijijini siku ile, nayo ilikufa pamoja na wale waliocheka. Labda alikuwa maskini. Labda alipenda uji na kuukataa mkate. Labda ni mwajiri bahili aliyewapigia vibarua wake kelele mezani, na maneno yake yakamrudia yeye mwenyewe. Anayekuambia anaijua sababu kwa hakika anatunga.

Jambo moja kuhusu umbo lake. Leo Mcheki wa mtaani anasema "chleba" kumaanisha mkate tu, lakini neno la msingi ni chléb, na chleba ni umbo linalotokea baada ya kitenzi kilichokanushwa. Kicheki cha zamani kilikuwa na kanuni hiyo: ukikanusha, kitu unachokikanusha kinabadilika mwisho. Ndiyo maana ukoo huu una pacha wake, Nejezchleb, bila ile -a. Jina limebeba sarufi ambayo wenyewe hawaitumii tena kwenye mazungumzo ya kila siku.

Sasa twende Moravia. Ucheki ina Bohemia upande wa magharibi, penye Praha, Moravia upande wa mashariki, penye Brno, Olomouc na Zlín, na kipande cha Silesia kaskazini. Moravia ndiyo nyumba ya majina ya vitenzi. Hasa kuna aina inayoishia na -l, ambayo ni "alifanya jambo fulani". Pospíšil, aliharakisha. Vyskočil, aliruka. Navrátil, alirudisha. Drahokoupil, alinunua kwa bei ghali. Rádsetoulal, alipenda kuzurura, na hili ni la kwangu la pili kwa uzuri. Martina Navrátilová, bingwa wa tenisi, alilipata jina hilo kwa baba yake wa kambo. Miloš Vystrčil, anayeongoza Seneti ya Ucheki tangu 2020, jina lake linasema "alichomoza nje". Vladimír Coufal aliyecheza West Ham ni "alirudi kinyumenyume", na kazi yake ni beki.

Ndani ya kundi hilo kuna ukoo mzima wa njaa. Nejedlý ni asiyekula. Nesnídal ni "hakupata kifungua kinywa". Nevečeřal ni "hakula chakula cha jioni". Waweke mezani na Nejezchleba wetu, unapata siku nzima ya mtu ambaye hajatia kitu mdomoni. Nikiwaona hawa wanne pamoja huwa nasimama. Mkulima wa karne ya 15 hakuacha shajara wala picha, lakini jirani yake alitazama sahani yake na akasema neno, na neno hilo limetufikia.

Lilitufikiaje? Kwa muda mrefu jina la pili lilikuwa la hiari na lilibadilika. Mtu mmoja angeweza kuitwa kwa ufundi wake, kwa utani wake, na kwa nyumba aliyomo. Hilo la nyumba lilikuwa na nguvu sana: mwanamume akioa binti wa boma fulani na kuhamia kwa wakwe, alichukua jina la boma, "jméno po chalupě" kama wanavyosema wenyewe. Ndugu wawili wa baba mmoja na mama mmoja waliweza kufa na koo mbili tofauti. Kanisa Katoliki, kwenye Mtaguso wa Trento mwaka 1563, liliagiza maparokia yaandike ubatizo na ndoa. Baada ya Vita vya Miaka Thelathini kwisha mwaka 1648, dola nayo ilitaka kujua nani yuko wapi: mwaka 1651 waliorodheshwa watu wa Bohemia kwa imani zao, mwaka 1654 ikaja orodha ya kodi. Kisha Kaizari Josef II, aliyeitawala Ucheki kutoka Vienna, katika miaka ya 1780 akafunga mlango kabisa. Jina la ukoo likawa la lazima na la kurithi, baba hadi mtoto, bila kubadilisha unavyotaka.

Fikiria maana ya siku hiyo kwa mtu aliyekuwa anaitwa kwa utani. Utani uliganda. Wajukuu na vitukuu wake, hata wawe waoka mikate, watakuwa Usilemkate.

Na hapa ndipo penye hoja yangu kuu. Watu hupima jina la ukoo kwa maana yake. Mimi nasema uchache wake una habari kubwa kuliko maana. Novák ndilo jina linaloongoza Ucheki, wanaume na wanawake wakijumlishwa wanapita 60,000 katika nchi yenye watu milioni 10 na kitu. Maana yake ni "mgeni, mtu aliyehamia juzi". Kila kijiji kilipata mgeni wake, hasa baada ya vita vile vilivyoacha mashamba matupu, kwa hiyo Novák ilizaliwa mara mamia, kila mahali peke yake. Vivyo hivyo Dvořák, mtu wa dvůr, yaani wa ua au shamba kubwa la kabaila. (Wakenya, neno hilohilo limo kwenye Dvůr Králové, mji wenye zoo iliyowapeleka Ol Pejeta faru weupe wa kaskazini Desemba 2009, akiwemo Sudan aliyekufa mwaka 2018.) Ukikutana na Novák wawili, hakuna sababu ya kudhani ni ndugu.

Lakini nani atasema "Usile mkate" katika vijiji mamia? Utani wa namna hiyo hutokea mahali pachache sana, pengine kijiji kimoja tu. Ukikutana na Nejezchleba wawili, uwezekano kwamba wana babu mmoja ni mkubwa mno. Jina adimu ni uzi mmoja unaoweza kuushika kutoka mwisho hadi mwanzo.

Karibuni kwa maswali.

#2, mdau

Mkuu uzi umeenda shule. Ila si jibu liko wazi? Njaa. Ulaya nayo ilipigwa na njaa, mtu hana mkate, wakamwita Usilemkate. Au mimi ndiye sielewi?

#3, mwanzisha uzi

Unaelewa vizuri mkuu, na Wacheki wengi wangekujibu hivyohivyo. Njaa kubwa ilipiga Bohemia na Moravia kati ya 1770 na 1772, mvua zikaozesha nafaka mashambani, watu wakafa kwa maelfu kwa maelfu. Na kwa kuwa miaka michache baadaye Josef II akagandisha majina, mtu anaunganisha mambo mawili na kupata hadithi tamu.

Kinachoizuia hadithi hiyo ni umri wa majina yenyewe. Utani wa mtindo huu wa kitenzi na shamirisho ni wa zama za kati, karne nyingi kabla ya 1770. Sheria ya Josef haikutunga majina ya wakulima Wacheki, iliyakuta na kuyafunga. (Kwa Wayahudi ilikuwa tofauti: amri ya mwaka 1787 iliwataka wachukue majina ya ukoo ya Kijerumani.)

Pia tazama mantiki. Njaa ikishika kijiji kizima, kukosa mkate hakumtofautishi mtu na jirani yake. Jina la utani linashika pale mtu anapokuwa tofauti na wenzake. Ndiyo maana mimi naegemea kwenye tabia ya mtu mmoja au kauli yake, kuliko kwenye msiba wa wote.

#4, mdau wa Bujumbura

Ndugu, asante kwa uzi huu. Kwetu Burundi jina kuwa sentensi ni jambo la kawaida kabisa. Rais wetu Ndayishimiye ni "Namshukuru", yaani Mungu. Aliyemtangulia, Nkurunziza, ni "habari njema". Mtoto akizaliwa, mzazi anaandika kwenye jina lile lililo moyoni mwake siku hiyo. Watoto wa tumbo moja kila mmoja na lake. Sasa nauliza, hao Wacheki kwa nini wakubali jina la mtu mwingine aliyekufa miaka 500 iliyopita?

#5, mwanzisha uzi

Karibu sana ndugu yangu, mchango wako umegusa penyewe. Kwenu anayesema ndani ya jina ni mzazi, na anasema kuhusu siku ile. Nejezchleba aliyesema ni jirani, na alisema kuhusu mtu mzima. Mmoja ni sala, mwingine ni utani wa kilabuni.

Kwa nini walikubali? Hawakuulizwa. Dola ilihitaji kodi na askari, na huwezi kumwandikisha jeshini mtu ambaye mwaka kesho ataitwa kingine. Mwaka 1770 nyumba zilikuwa tayari zimepewa namba kwa ajili ya kuhesabu vijana wa jeshi. Namba ya nyumba, jina lisilobadilika, kitabu cha parokia: vitu hivyo vitatu vikikutana, serikali inakushika popote. Warundi na Wanyarwanda wengi mmeingia kwenye serikali ya makaratasi bila kuacha desturi yenu, na mimi naona mmetunza kitu kizuri.

#6, mdau

Swali dogo la kike. Mke wa Bwana Usilemkate anaitwaje? Maana Navrátil umesema ni Navrátilová.

#7, mwanzisha uzi

Dada swali si dogo hata kidogo, bungeni kwao lilijadiliwa miaka.

Mke na binti ni Nejezchlebová. Hiyo -ová inaongezwa kwenye jina la ukoo la mwanamume, na zamani ilikuwa na hisia ya "wa fulani". Jina likiishia na -ý kama sifa, linageuka -á: Nejedlý na Nejedlá. Machache hayabadiliki, kama yale yanayoishia na -ů. Mtunzi wa muziki Bohuslav Martinů jina lake ni "wa kina Martin", na dada yake angebaki Martinů vilevile.

Kwa miaka mingi mwanamke Mcheki hakuweza kuiacha -ová ila kwa masharti, kwa mfano akiolewa na mgeni. Tangu tarehe 1 Januari 2022 sheria inamruhusu kuchagua umbo la kiume bila kutoa sababu.

Kumbuka pia Kicheki kinanyambua majina ya watu kwenye kila sentensi. Ukimwita mzee huyu usoni unasema "pane Nejezchlebo". Ukisema "nyumba ya Nejezchleba" inakuwa Nejezchleby. Mgeni anayejifunza lugha anaweza kudhani ni watu watatu tofauti.

#8, mdau wa Texas

Habari wakuu. Huku nilipo kuna wazee wengi wenye asili ya huko, babu zao walikuja karne ya 19 kulima pamba. Jirani yangu mmoja ana jina lililokatwakatwa hadi hajui lilivyokuwa. Mtu kama huyo anaanzia wapi?

#9, mwanzisha uzi

Mkuu, aanze kwa kuzisamehe herufi. Čermák alipofika Chicago akawa Cermak, kama Anton Cermak, mzaliwa wa Kladno aliyekuwa meya wa Chicago na kufa kwa risasi mwaka 1933. Alama za juu ya herufi ndizo zinazokufa kwanza. Jirani zao Waaustria waliandika kwa sikio la Kijerumani, ndiyo Procházka wa Praha akawa Prohaska wa Vienna, kama mchezaji Herbert Prohaska. Jina letu nalo lina umbo la Nejeschleba.

Halafu arudi nyuma zaidi. Kabla ya mageuzi ya tahajia ya miaka ya 1840, Wacheki wenyewe waliandika g panapotamkwa y, w panapotamkwa v, na au panapotamkwa ou. Kwa hiyo anayetafuta Nejezchleba kwenye kitabu cha mwaka 1790 atafute Negezchleba, na anayetafuta Coufal atafute Caufal. Watu wengi wamepita juu ya babu zao kwa sababu hiyo tu.

Vitabu vyenyewe, habari njema ni kwamba hifadhi za mikoa zimevipiga picha na kuviweka mtandaoni bure, ikiwemo Hifadhi ya Moravia iliyopo Brno. Vya ubatizo vinafunguliwa baada ya miaka 100, vya ndoa baada ya miaka 75. Ukifungua ukurasa wa baada ya 1784, Josef II akiwa ameshatoa utaratibu mpya, unakuta safu zimepigwa mistari: tarehe, namba ya nyumba, jina la mtoto, dini, jinsia, wa ndani au nje ya ndoa, baba, mama, wasimamizi. Mwandiko ni wa Kijerumani cha kale, wino umekuwa wa kahawia, na kwenye safu ya wasimamizi utaona misalaba mitatu midogo, +++, kwa ajili ya asiyejua kuandika, na karani ameandika jina kando. Shika namba ya nyumba. Jina linaweza kuandikwa kwa njia nne, ila nyumba namba 14 ni namba 14.

Mwenye jina adimu anafurahi hapa. Novák atasoma kitabu kizima cha kijiji na kukuta kina Novák wa nyumba sita wasiohusiana. Nejezchleba akiliona jina lake mara moja tu kwenye parokia, ameshafika nyumbani.

#10, mdau

Kwa hiyo linaongezeka au linapotea? Na watoto si wanataniwa shuleni? Mimi ningebadilisha mapema.

#11, mwanzisha uzi

Majina ya namna hii yana hatari ya kudumu: yanapita kwa wanaume. Ukoo wenye nyumba chache ukizaa mabinti watupu kizazi kimoja, tawi linakauka. Novák haiwezi kufa kwa njia hiyo. Upande mwingine, mwaka 1781 Josef II alipowaondolea wakulima kifungo cha kutohama bila ruhusa ya kabaila, watu wa vijijini walianza kumiminika mijini, na jina lililokuwa la bonde moja likasambaa hadi Brno na Vienna. Na leo orodha yenyewe inabadilika: Nguyen, la Wavietnamu waliohamia tangu enzi za Chekoslovakia, limo miongoni mwa majina ya ukoo yenye watu wengi Ucheki.

Kubadilisha kunawezekana. Sheria ya Ucheki inataja wazi jina la kudhalilisha au la kuchekesha kuwa sababu ya kuomba kubadilishiwa, na ofisi ya usajili inakubali. Kwa hiyo kila Nejezchleba mtu mzima unayemwona leo alikuwa na mlango wa kutokea na akaamua kubaki. Niliwahi kumuuliza mmoja kama utotoni lilimsumbua. Alisema walimtania kwa wiki mbili za darasa la kwanza wakachoka, na kwamba tangu hapo hakuna mtu aliyewahi kumsahau jina.